Koti la Papa Théophile na Bonge la Barafu

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Henriette Kyungu hachekwi. Si kwamba alikuwa mkali kupita wengine. Ni kwamba hakuwa ameacha mwanya. Nyumba yake, juu kidogo ya kituo cha reli cha Kalemie, ilifagiwa kabla jua halijatoka ziwani. Pazia zilipigwa pasi. Mgeni alipewa kiti kabla ya kuulizwa shida yake. Mama huyo alisomeshwa na masista kule Moba, akaja mjini kwa boti akiwa na sanduku moja na diploma yake, akafundisha darasa la sita mpaka mvi zikamwingia. Wanaume wazima wenye vitambi, wakuu wa biro za serikali, bado huzima sigara wakimwona anakuja.

Marehemu mume wake, Théophile Kyungu, alikuwa mkuu wa treni kwenye njia ya Kabalo. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa uani kugawana nguo zake kama desturi inavyotaka. Henriette alitoa suruali, viatu, saa, hata kofia. Koti la reli hakulitoa. Lilikuwa koti zito la sufu, la buluu iliyokaribia weusi, lenye vifungo vya shaba, ambalo Théophile alilivaa kwa safari za alfajiri. Mdogo wa marehemu, Papa Félicien, aliliomba mbele ya watu wote. Akajibiwa hapana mbele ya watu wote. Tangu siku ile lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mjane, limefunikwa shuka, na Félicien hakukosa kulikumbusha.

"Shemeji," husema kwenye kila arusi, akiwa na chupa mkononi, "musumari wako haujambo? Haujasikia baridi?"

Kwa hiyo jina la nyumba lilikuwa na ufa mmoja. Ufa wa pili ulikuja mwaka jana, na kilicholeta ufa huo ni barafu.

Evodie, kitinda mimba wa Henriette, alikuwa mwalimu wa watoto wa miaka mitano kwenye shule moja ndogo upande wa Lukuga. Alikuwa na imani yake: mtoto hajui kitu mpaka akishike. Watoto wake walipima mchanga, walizamisha magamba ya konokono wa ziwani, walipanda maharage kwenye makopo. Mwaka jana akawaita wazazi waje kuona somo la barafu. Akapakia vifuko vya barafu ndani ya ndoo, akapanda pikipiki, na alipofika kwenye makutano ya reli akakuta mabehewa yamesimama katikati ya barabara, hayaendi mbele wala nyuma. Jua lilikuwa utosini. Alipofungua ndoo mbele ya wazazi, ndani mlikuwa na vifuko vya maji vinavyoelea kama samaki waliokufa.

Baba mmoja aliinuka, akavaa kofia yake. "Mwalimu," alisema, "maji sisi tunayo. Kuna ziwa zima pale."

Ndipo Evodie alipopata jina la Mwalimu wa Maji. Watoto wa mtaa waliliimba. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao. Na Henriette, ambaye nusu ya mji ilijifunza kugawanya sehemu kwa chaki yake, akaanza kwenda sokoni asubuhi sana, kabla wasemaji hawajajaa.

Sasa ilikuwa mwaka mwingine, na Mama Direktrisi Léontine, mkuu wa shule ile, alikuwa amemwita Evodie ofisini na kufunga mlango.

"Ninakupenda, mwanangu. Lakini wazazi wanataka kuona. Nimewaita Ijumaa. Somo ni lile lile, umelitaka wewe mwenyewe. Wakicheka tena, darasa nitampa mwenzako. Nitakuweka kwenye karatasi za ofisi."

Evodie alimweleza mama yake maneno hayo mezani, bila kulia, na Henriette aliyasikia kama mtu anayesikia mbao za nyumba yake zikilia usiku. Mwalimu aliyenyang'anywa darasa. Katika nyumba ile.

Kisha, Jumatano, umeme wa bwawa la Bendera ukakatika, na friji zote za mtaa zikawa makabati.

Aliyebaki na barafu ni Papa Omer peke yake, karibu na bandari, mwenye jenereta na masanduku ya kugandishia ya wavuvi. Kwa heshima ya marehemu Théophile alikubali kugandisha bonge moja kubwa, tena akakubali kutia ndani yake vikorokoro ambavyo Evodie alimpelekea: maharage, magamba ya konokono wa ziwani, manyoya ya kanga, kifuniko cha chupa. Lakini alimwambia wazi: alfajiri wavuvi wanabeba kila kitu. Anayetaka bonge alichukue Alhamisi mchana. Ijumaa asubuhi atakuta unyevu tu.

Basi Alhamisi mchana Evodie aliingia uani na beseni, na ndani ya beseni bonge la barafu lenye ukubwa wa ndoo, limeanza kutoa jasho. Henriette alikuwa anachambua mboga ya lengalenga.

"Mama," alisema Evodie, "ninaomba koti la Papa."

"La nini?"

"La kufunikia barafu."

Henriette alitua kisu polepole. "Evodie. Koti linatia joto. Unataka kuihifadhi hiyo barafu au unataka kuipika?"

"Koti halitii joto, Mama. Joto ni la muntu aliye ndani yake. Koti linamuzuilia lisitoke. Sasa barafu haina joto la kuzuiliwa. Joto liko huku inje kwetu. Koti litalizuia lisiingie."

"Chukua blanketi."

"Blanketi zetu ni nyepesi. Mama anajua ni za nailoni. Sufu tuliyo nayo ni ile moja."

"Na mimi nimefundisha miaka yote hiyo," alisema Henriette, "sijapata kumwona mtu anayevisha barafu koti."

"Njo maana nataka watoto waone."

Henriette aliinuka bila kujibu, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Alikwenda kukasirika kwa utulivu. Mbele yake lilikuwa lile shuka, na chini yake umbo la mabega ya Théophile. Aliinua pembe ya shuka, na bila kupanga akaingiza mkono ndani ya mkono wa koti, mpaka kiwikoni.

Ndani palikuwa na ubaridi. Palikuwa na ubaridi kama ukutani.

Alikumbuka Théophile akirudi kutoka Kabalo wakati mji umelala, akimkuta Evodie mchanga analia, akivua koti na kumfunika nalo, na mtoto akitulia papo hapo. Miaka yote Henriette alisema koti lile lina joto la ajabu. Lakini koti lilikuwa limetoka mwilini mwa mtu. Joto lilikuwa la Théophile. Koti lilimtunzia tu, kama mtu anavyotunziwa mzigo wake bandarini. Alipoondoka mwenye joto, koti likabaki sufu tupu, likining'inia.

Mwalimu wa darasa la sita ndani yake hakuweza kubishana na mkono wake mwenyewe. Lakini mjane ndani yake aliweza, tena sana. Papa Félicien alikuwa mwenyekiti wa komite ya wazazi. Mjukuu wake, Emmanuella, alikuwa katika darasa la Evodie. Angekuwa pale Ijumaa, mstari wa mbele. Koti alilonyimwa mbele ya ukoo angeliona limelazwa sakafuni likikumbatia bonge la maji. Na kama ndani yake mngetoka maji, nyumba ya Kyungu isingechekwa mara moja. Ingechekwa mara mbili kwa mpigo mmoja.

Akatoka na koti begani.

"Kwanza nailoni," alisema. "Izungushe yote, koti lisilowe. Halafu gunia chini. Halafu koti. Na njiani litafunikwa kitenge. Sitaki barabara ilione. Na nitalibeba mimi."

"Mama, mimi ningeweza..."

"Nitalibeba mimi."

Walilifunga pamoja, vifungo vya shaba vimefungwa hadi shingoni, mikono imezungushwa nyuma kama ya mtu anayesikia baridi. Evodie aliliweka kwenye kona ya stoo, mahali pasipofikiwa na jua, akamwomba mama yake jambo moja tu: asilifungue kuchungulia, kwa kuwa kila kufungua ni kulikaribisha joto. Hilo lilimshinda Henriette kuliko yote. Mara mbili alifika mlangoni mwa stoo, mara mbili akajirudisha mwenyewe kama mtoto mtukutu. Asubuhi alipoinua beseni alisikia maji yakicheza chini. Aliyamwaga kwenye mche wa papai, na yakaendelea kutoka, na kutoka. Hakumwambia Evodie. Evodie alikuwa ameshaondoka kutengeneza darasa.

Pikipiki ikaja. Henriette, katika kitenge chake cha kanisani, alikaa nyuma ya dereva na kupakata mzigo wake. Mama Micheline, jirani, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake, akaegemea ufagio.

"Mama Henriette, munapeleka nani hospitali?"

"Simpeleki mtu."

"Eh. Na huyo?"

Henriette hakuwahi kusema uongo barabarani, na hakutaka kuanza leo. "Ni barafu."

Mama Micheline alitazama umbo lile lenye mabega. "Aa," alisema kwa upole, kama mtu anayemwitikia mgonjwa, "sawa, Mama. Mufike salama."

Kwenye makutano ya reli njia ilikuwa wazi. Lakini kabla hawajafika Lukuga, Henriette alisikia ubaridi ukipita kwenye kitenge na kumshika mapaja. Matone yakaanza kudondoka kwenye bomba la moto la pikipiki, yakitoa mlio mdogo, chii, chii. Alikumbatia mzigo kwa nguvu, halafu akakumbuka kwamba yeye pia ni mtu mwenye joto, akaulegeza. Alifika shuleni ameushika kwa vidole, mbali na kifua, kama anayebeba mtoto wa jirani aliyejikojolea.

Wazazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi madogo, magoti yakifika kidevuni. Papa Félicien alikuwa mbele, kama Henriette alivyojua. Mama Direktrisi Léontine alisimama kando ya mlango, mikono nyuma. Watoto walikaa kwenye mikeka, na katikati yao Evodie, amepauka.

"Leo tuna mugeni," aliwaambia watoto. "Amelala kwetu. Bibi amemuleta."

Kitenge kilipoondolewa, wazazi waliinua shingo. Halafu Félicien akacheka, si kwa nguvu, puani tu.

"Shemeji. Koti la kaka yangu uliunyima mwili wangu, leo umeivalisha barafu?"

Wazazi waligeuka wote. Sauti ya Henriette ilitoka ile ile ya darasani.

"Barafu haikuliomba mbele ya watu, Papa Félicien."

Mtu fulani nyuma alikohoa ili asicheke, na safari hii kicheko hakikuwa cha nyumba ya Kyungu.

"Sawa," alisema Félicien, akiinua mikono. "Mimi ninasema tu mambo ya akili. Koti ni la joto. Humo ndani kuna maji. Mwaka jana maji, mwaka huu supu."

"Papa Félicien amesema supu," Evodie aliwageukia watoto. "Nani anakubali naye?"

Mikono ikapanda yote. Emmanuella aliinua miwili. "Barafu itasikia joto," alisema, "itavua yenyewe."

"Nani anakataa?"

Hapana mkono. Kisha Henriette, aliyesimama pembeni na kitenge kilicholowa, akaona mkono wake mwenyewe unapanda. Ulikuwa ule ule ulioingia ndani ya koti.

Evodie alipiga magoti. Alifungua kifungo cha shingoni, halafu kinachofuata. Henriette hakutazama koti. Alitazama uso wa binti yake, kwa kuwa huko angejua kwanza. Gunia likasogezwa. Nailoni ikafunguka, na maji yakamwagika mkekani, mengi, yakawafanya watoto wa mbele kuinua miguu. Félicien alianza kufungua mdomo.

Na mabega ya Evodie yakashuka. Yalishuka pole pole, kama mtu anayetua ndoo kutoka kichwani baada ya kilima kirefu. Kabla ya kuona chochote, Henriette akajua.

Bonge lilikuwa pale. Lilikuwa limepungua, limekuwa la mviringo kama mkate, lakini lilikuwa jeupe, gumu, linatoa moshi mwepesi wa baridi, na ndani yake maharage na manyoya ya kanga yalikuwa yamesimama kama wadudu ndani ya utomvu. Watoto walitoa sauti moja ndefu. Henriette alitafuta ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Imelala tangu jana?" aliuliza mama mmoja.

"Tangu jana muchana," alisema Evodie. "Bila umeme."

"Huyu shemeji amekuja nayo sasa hivi kutoka kwa Omer," alisema Félicien.

"Basi tuone," alisema Evodie, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. Alivunja vipande viwili vinavyolingana kwa nyundo. Kimoja alikiweka kwenye sahani ya bati dirishani. Cha pili alimpa Félicien mkononi. "Papa, kivishe koti wewe mwenyewe. Ulifunge unavyotaka."

Félicien aliinuka kutoka kwenye kibenchi chake kwa shida. Alichukua koti. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kifungo kimoja cha shaba. Kisha akakifunga kipande katika nailoni, akakizungushia koti, mikunjo mitatu, akaketi kando, mkono juu yake, kama mlinzi. "Hapa hakuna atakayenichezea," alisema.

Wakati wakisubiri, darasa likawa soko. Watoto walipewa bonge. Walilishika na kuliachia. Dédé mdogo alisema linauma kama siafu. Walimimina chumvi wakaona inachimba mashimo na kutoa sauti ya kukatika-katika. Walimimina maji ya vuguvugu upande mmoja na ya baridi upande mwingine, wakabishana upande upi utatoa gamba kwanza. Kipande kilitupwa ndani ya ndoo kikaelea, na mtoto mmoja akakizamisha kwa kidole mara nyingi, kikakataa kila mara, mpaka akakitukana. Mama aliyeuliza kama barafu imelala tangu jana alikuwa amevua viatu na kupiga magoti kwenye maji, akiokoa manyoya ya kanga pamoja na binti yake.

"Mwalimu," aliuliza Emmanuella, "barafu ikifa inakuwa maji. Maji yakifa yanakuwa nini?"

"Kwanza uniambie," alisema Evodie, "maji ya nguo za mama yako kwenye kamba yanaenda wapi?"

Emmanuella alifikiri. "Yanatoroka."

"Wiki ijayo tutayafuata."

Dirishani, sahani ya bati ilibaki na kidimbwi na kipande chembamba kama ukucha, kisha kidimbwi tu. Evodie aliipitisha kwa watoto, wote wakachovya vidole. Halafu akamtazama Félicien.

Félicien alifungua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alitia mkono, akapapasa. Alipoutoa, katika kiganja chake kipana kulikuwa na barafu, imelainika kingo, nzima. Watoto walirukaruka wakaanza kumzunguka. Yeye aliendelea kuitazama mpaka ikaanza kudondoka kati ya vidole vyake.

"Kumbe sasa njo inakufa," alisema. "Kwa sababu yangu mimi."

"Kwa sababu wewe una joto, babu," alisema Emmanuella, kama anayemsaidia mtu mgumu wa kuelewa.

Wazazi wakacheka, na Félicien akacheka nao. Kile kilikuwa kicheko kingine kabisa. Henriette, aliyejua kupima vicheko kama wengine wanavyopima chumvi, alikisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso.

Mama Direktrisi Léontine hakutoa hotuba. Alimwendea Evodie, akamwokotea gamba moja lililosahauliwa mkekani, akamtia mkononi. "Hiyo ya nguo za kwenye kamba," alisema, "utaifanya Jumatatu au Jumanne? Nataka kuwepo."

"Jumanne, Mama."

"Jumanne basi. Na wazazi walioondoa watoto, mmoja amekaa pale nyuma. Usimwangalie sana, ataona haya."

Félicien alimletea Henriette koti, limekunjwa vizuri, vifungo ndani. Lilikuwa limelowa upande mmoja na lilinuka sufu mbichi. Hakumkabidhi mara moja.

"Shemeji, mimi nilifikiri umelificha ili nisivae."

"Nililificha ili nisisahau," alisema Henriette. Halafu, kwa kuwa ulikuwa ukweli nusu tu na yeye hapendi nusu, akaongeza: "Na usivae pia."

Félicien alicheka mpaka akashika tumbo. "Kaka alioa muntu," alisema, akampa koti, akaenda zake akiwa amemshika mjukuu mkono, mkono wake mwingine bado umelowa.

Henriette alirudi nyumbani kwa miguu. Hakulifunika koti kwa kitenge. Kitenge chenyewe kilikuwa kinadondosha maji, na zaidi ya hayo alikuwa amechoka vizuri, kwa uchovu ule wa mtu aliyetua mzigo. Alipita sokoni wakati watu wamejaa. Mwanamke muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimwita, "Mama Henriette, nimesikia mwalimu wetu amelaza barafu kama mutoto." Habari ilikuwa imemtangulia. Alinunua ndagala bila kubishania bei.

Nyumbani alilitundika koti uani, kwenye kamba, mbele ya barabara, mikono imenyooshwa ili ikauke. Mama Micheline alisimama ng'ambo na ndoo yake kichwani. Alilitazama, akamtazama Henriette, akalitazama tena.

"Kumbe lilikuwa koti la Papa Théophile. Lilikuwa wapi siku zote?"

"Mlangoni kwangu," alisema Henriette, akiketi kwenye kiti cha mgeni, cha kivulini. "Leo lilikwenda kazini."

Upepo wa ziwa ulijaza mikono ya koti, ukaiachia. Henriette alivua viatu. Lengalenga ya jana ilikuwa bado haijachambuliwa, ingengoja. Alifumba macho jua likiwa bado juu, jambo ambalo mtaa haukuwahi kumwona akilifanya, na hakujali nani anaona.